Chora Wazo Likiwa Bado Bichi

Wengi wetu huchora mwishoni. Tumeshawaza, tumeshaandika, sasa tunatafuta picha ya kupamba slaidi. Naamini tumeanza na mkia. Mchoro una kazi kubwa zaidi wazo linapokuwa bado bichi.

Sentensi huweza kuficha pengo. Ukiandika "ombi litashughulikiwa", kila mtu ataitikia. Mshale haukubali hivyo. Lazima utoke mahali na ufike mahali. Niliwahi kukaa kwenye kikao tukabishana saa nzima kwa nini maombi yanachelewa. Mwenzetu mmoja akainuka, akachora kisanduku cha "limepokelewa" na kingine cha "limeidhinishwa", akaanza kuvuta mshale. Mkono ukasita katikati. "Hapa linakuwa kwa nani?" Kimya. Tulichokuwa tukikibishania kilikuwa pale, kwenye nafasi nyeupe ya upana wa vidole viwili.

Mwaka 1837, mwanasayansi Charles Darwin alichora kwenye daftari lake mti wa vijitawi vichache kuonyesha jinsi aina za viumbe zinavyochipuka kutoka kwa nyingine, mchoro wa haraka haraka tu, na juu yake akaandika kwamba anadhani. Anadhani tu! Kitabu chake kuhusu asili ya spishi, yaani aina za viumbe, kilitoka mwaka 1859, na mchoro pekee uliomo ni wa matawi vilevile. Miaka 22 ya kazi, na mstari wa kwanza ulichorwa kabla hajawa na uhakika.

Kuchora pia ni kuamua nini kiachwe, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa kwa kutaka kuweka kila kitu. Harry Beck, mchoraji wa mifumo ya umeme, mwaka 1931 alibuni ramani ya reli za chini ya ardhi za London akiacha umbali halisi na kona za njia. Alibakiza mistari iliyolala, iliyosimama na ya mshazari. Ramani ilikataliwa kwanza, kisha ikachapishwa mwaka 1933. Abiria alitaka kujua abadilishe treni wapi, hilo tu.

Na usiniambie hujui kuchora. Visanduku, duara na mshale vinatosha. Tena mchoro mbovu wa penseli una faida yake: ule uliosafishwa kwenye kompyuta watu huusifia wakaondoka, lakini huu wenye mistari iliyopinda huwafanya wanyooshe mkono na kusema, "Hebu nipe hiyo penseli." Mpe.