Klabu Nane za Rajai Davis

Mchezaji aliyepita klabu nane kwa misimu 14 huonekana kama mzigo unaotuliwa kila kituo. Rajai Davis, mchezaji wa uwanja wa nje katika ligi kuu ya besiboli Marekani kuanzia 2006 hadi 2019, husemwa hivyo hivyo: kama alikuwa mzuri, mbona hakuna aliyemng'ang'ania?

Swali lina haki yake. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .262 na wa kufika beisini, kituo ambacho mpigaji hukikimbilia, .311. Maana yake, karibu mara saba katika kila kumi alizoshika gongo alirudi benchi mikono mitupu. Mipira ya kuvuka uzio alipiga 62 tu maisha yake yote.

Lakini ziko beisi 415 alizoiba, yaani alizozikimbilia bila kungoja mwenzake apige mpira, na hapo naomba tutulie kidogo. Kutoka beisi moja hadi nyingine ni mita 27. Mkimbiaji hunyemelea hatua chache, macho yote miguuni kwa mrushaji, maana akiusoma vibaya mguu ule amekwisha. Mdakaji naye, anayekaa nyuma ya mpigaji, akishaupokea mpira, huchukua kama sekunde mbili kuufikisha beisi ya pili. Mbio peke yake hazitoshi, jicho ndilo linaloiba. Mwaka 2016, akiwa na miaka 35, umri ambao wengi miguu imeshawagomea, Davis aliongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa beisi 43.

Basi kwa nini alihamahama? Klabu huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, raundi baada ya raundi, na Pittsburgh Pirates walimchagua raundi ya 38 mwaka 2001. Kijana wa raundi ya kwanza hulipwa mamilioni, kwa hiyo akiteleza huvumiliwa ili fedha isipotee. Wa raundi ya 38 hakuwa na mtu aliyewekeza kwake. Alipoteleza, alitafutwa mwingine. Ila hesabu ya klabu nane ina upande wa pili: kila alipoachwa, alitokea mwingine wa kumchukua. Oakland na Cleveland hata walimrudia.

Novemba 2016, mchezo wa saba wa fainali, Chicago Cubs walikuwa mbele 6–4 awamu ya nane kati ya tisa, wawili wa Cleveland ya Davis wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu yao imekwisha. Mrushaji alikuwa Aroldis Chapman, mwenye mkono wa kasi kuliko wote. Davis alilishika gongo juu kabisa ya mpini, kama mtu anayeshika nyundo kwa kazi ndogo, akaupeleka mpira nje ya uzio wa kushoto. Yeye na mwenzake aliyekuwa beisini wakaingia: sita kwa sita. Cubs walishinda 8–7, na wengi wamesahau kwamba hata ile alama ya saba ya Cleveland, awamu ya kumi ya nyongeza, ililetwa na pigo lake.

Mei 2019, akiwa na miaka 38, New York Mets walimwita kutoka ligi ya chini. Alikodi gari kutoka Pennsylvania, akakuta mchezo umeshaanza. Aliingizwa kupiga awamu ya nane, mpira ukavuka uzio, wakaingia watu watatu.