Hizi dripu za baada ya upasuaji wa tumbo tuzihesabu jamani

Kuna swali naulizwa wodini karibu kila wiki, tena naulizwa kwa uchungu: "Sista, mbona mumemtoa mai?" Mai ndio dripu, wenyewe wa Amu, yaani Lamu, mnajua. Mgonjwa kapasuliwa utumbo jana, leo asubuhi kaamka anaongea, tumemtoa dripu tukampa kikombe cha maji anywe taratibu, basi jamaa zake waliovuka na boti kutoka Mokowe kuja kumtizama wanaona mtu wao katupwa. Chupa ikiwa imening'inia pale juu roho zinatulia, kazi inaonekana inafanyika. Nawaelewa, wallahi nawaelewa, lakini hili jambo limenikaa kifuani miaka na leo nalisema.

Dripu ni dawa na ina kipimo chake, ikizidi inaumiza na ikipungua inaumiza, na kwa mtu aliyekatwa utumbo ukaunganishwa hapo ndipo balaa inapoingilia.

Nitawapa kisa. Zamani nikifanya kazi hospitali moja ya huku pwani, jina naliacha, tulikuwa na mzee mmoja fundi wa jahazi, katolewa kipande cha utumbo mpana. Siku ya tatu mkewe akaja kuniita, ananionyesha kidole cha mumewe, pete ya fedha yenye akiki aliyoivaa tangu ujana imezama kwenye nyama mpaka kidole kimebadilika rangi. Tukapaka sabuni, haitoki, tukazungusha uzi wa kushonea ndio ikatoka polepole yule mzee anauma meno. Nkamshika muundi nkabonyeza kwa gumba, pakabaki shimo kama umebonyeza unga wa mahamri. Tukampima uzito. Aliingia na kilo 58, sasa ana 63. Siku tatu hajala kitu, kilo 5 zatoka wapi? Ni maji, manake lita moja ya maji ni kilo moja, yaani alikuwa amebeba kama lita 5 zisizo na kazi mwilini. Tukafungua chati ya maji yanayoingia na yanayotoka, nusu ya visanduku vitupu, na zamu mbili kati ya hizo zilikuwa zangu. Nilibadilisha chupa sikuandika.

Tumbo lake lilikaa limejaa kama ngoma, hatoi hata upepo, yaani utumbo bado umelala, anatapika nyongo, ikabidi arudishiwe mpira wa puani unaoshuka mpaka tumboni. Utumbo wake uliamka siku ya nane. Siwezi kuapa kwamba ni maji peke yake yaliyomfanya vile, utumbo ukishikwashikwa hulala hata bila sababu nyingine, lakini yale maji yalimuongezea mzigo, hilo sina shaka nalo.

Manake maji yakizidi hayabaki kwenye mishipa, yanavuja yanaingia kwenye nyama, na ukuta wa utumbo nao unavimba kama ulivyovimba mguu ila wewe huuoni. Sasa fikiria pale palipounganishwa na uzi, panataka damu nzuri ipite ndio pafunge, pakivimba damu inapita kwa shida, na pale pakiachia uchafu unamwagika tumboni na hiyo ni kufa na kupona. Mapafu nayo yanapata maji, hasa kwa wazee wenye moyo dhaifu.

Halafu kuna hii chumvi. Salaini ya kawaida, ile dripu ya maji ya chumvi, ina gramu 9 za chumvi kwa lita, ukimpa mtu lita 3 kwa siku umemtia gramu 27, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hata gramu 5 kwa siku. Sisi tunaokunywa maji ya Shela tunajua ukame ukizidi visima vinavyogeuka chumvi, ukionja tu unajua hii chai haipikiki. Mshipani hakuna ulimi wa kuonja. Ndio maana wengi siku hizi wanapendelea maji ya Ringer, dripu ya aina nyingine, ambayo yanakaribiana zaidi na damu.

Haya si maneno yangu ya barazani. Denmark mwaka 2003 Brandstrup na wenzake walichukua wagonjwa 172 wa upasuaji wa utumbo mpana, wengine wakabaniwa maji, wengine wakapewa kwa wingi kama ilivyokuwa desturi, matatizo yakawa asilimia 33 kwa waliobaniwa na 51 kwa wale wengine. Watu wakashangilia, wengine wakapitiliza wakabana kupita kiasi, mpaka 2018 ukatoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Myles wa Australia, wagonjwa karibu 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, ikaonekana waliobaniwa sana figo zao ziliumia zaidi, asilimia 8.6 dhidi ya 5. Kwa hivyo sitaki mtu aondoke hapa akisema nesi kakataza dripu. Mtu aliyekuja na mashua kutoka Kizingitini utumbo umejipinda, katapika siku mbili, macho yamezama, huyo mpe maji na umpe upesi kabla hujamgusa na kisu.

Kinachoniuma ni mazoea. Mtu ana upasuaji wa kupangiwa saa saba mchana, tunamwambia tangu usiku asiguse hata tone, naye anakubali kwa kuwa Ramadhani anafunga haoni tabu, anafika mezani kakauka halafu tunamfidia kwa chupa juu ya chupa. Wakati mgonjwa wa kawaida anaruhusiwa maji matupu mpaka zibaki saa mbili tu kabla ya kulazwa usingizi. Kisha usiku mkojo ukipungua kidogo daktari mchanga anaandika chupa nyingine, kumbe mwili uliopasuliwa wenyewe hushikilia maji siku ya kwanza, si lazima awe amekauka, mwangalie mapigo, presha, ulimi, ndipo uamue.

Na mizani jamani. Wodi haina mizani ya kusimama lakini ina stoo imejaa katoni za dripu!

Juzi binti mmoja wa Langoni aliniuliza swali lilelile la mai kuhusu mamake. Nikakaa naye nikamueleza kama nilivyoeleza hapa, nikampa kikombe cha plastiki, nikamwambia akinywa kimoja piga mstari. Jioni narudi zamu nakuta nyuma ya bahasha ya eksirei mistari 7, na pembeni kaandika kwa kalamu ya bluu: mama ametoa upepo saa kumi.