Sennheiser na hesabu inayosahau mito ya masikio

Kila Sennheiser, watengenezaji wa hedifoni kutoka Ujerumani, wanapotajwa, hoja moja hairukwi: kampuni hii inakula jina lake la zamani. Hedifoni zao za HD 600 ziliingia sokoni mwaka 1997 na bado zinauzwa, zikiwa zimebadilika kidogo sana. HD 650 ni za 2003. Kisha mwaka 2021 familia ya Sennheiser ikatangaza kukiuza kitengo cha bidhaa za wasikilizaji wa kawaida kwa Sonova, kampuni ya Uswisi inayofahamika zaidi kwa visaidizi vya kusikia, na mwaka uliofuata biashara ikakamilika. Basi, wanasema wakosoaji, anayenunua leo analipia nembo.

Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, na naanza nayo kwa sababu mashabiki huipita mbio.

HD 600 ni hedifoni za wazi. Nyuma ya spika hakuna ukuta bali wavu, kwa hiyo aliyekaa karibu nawe atausikia wimbo wako, nawe utamsikia akikohoa. Besi ya chini kabisa, ile inayotikisa kifua, huisikii ikitoka humo kwa nguvu; hufifia kadiri noti inavyoshuka. Ukinzani wake wa umeme ni omu 300, kiwango kikubwa, na ukizichomeka kwenye chombo dhaifu utapata sauti ndogo, iliyopooza, mpaka uongeze amplifaya. Hazina maikrofoni, hazizimi kelele, hazina Bluetooth. Zikiwa mpya hubana kichwa vibaya. Kwa mtu anayesikiliza safarini, au katika ofisi iliyojaa watu, hizi si hedifoni zake, na anayemshauri azinunue anamkosea.

Na bei? Mwaka 2017 mtafiti wa sauti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283. Hakuona uhusiano kati ya bei ya hedifoni na namna zinavyogawa nguvu ya sauti kutoka besi hadi noti za juu. Nauchukulia utafiti huo kwa uzito, maana unamnyima kila mtengenezaji haki ya kusema kwamba chake ni kizuri kwa kuwa ni ghali. Sennheiser nao wamo. Mwishoni mwa 2016 walikubali HD 650 ziuzwe kupitia Massdrop, duka la mtandaoni, kwa jina la HD 6XX, rangi nyingine na waya mfupi zaidi, kwa takriban dola 200, chini ya nusu ya bei rasmi ya HD 650. Aliyekuwa amelipa bei kamili alikuwa na kila sababu ya kuuliza ile tofauti ilikuwa ya nini.

Hadi hapo hesabu iko upande wa wakosoaji. Lakini ni hesabu inayofungwa siku ya kununua, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Chukua mito ya masikio. Ya HD 600 ni ya mahameli, na ndani yake mna sifongo. Sifongo hiyo hubonyea: jasho, mafuta ya ngozi na ule mbano wa upinde unaopita juu ya kichwa huifanyia kazi kila siku. Ikishasinyaa, sikio husogea karibu na spika, kitambaa hakizibi pembeni kama mwanzo, na uwiano wa besi na sauti za juu hubadilika. Mabadiliko hayaji kwa siku moja, kwa hiyo mwenye hedifoni hayatambui. Huishia kusema zimechoka, au masikio yake yamezizoea. Anakwenda kusikiliza hedifoni mpya za mtu, anaona tofauti kubwa, anazinunua. Alichokuwa akilinganisha ni sifongo mpya na sifongo iliyokufa.

Jambo hili linanisumbua kuliko lolote lingine katika tathmini za hedifoni. Nyingi huandikwa katika wiki za kwanza, wakati mito ingali minene. Grafu hupimwa kwa mito hiyo. Alama hutolewa kwa mito hiyo. Halafu mnunuzi anaishi na hedifoni kwa miaka, na muda mwingi wa miaka hiyo anasikiliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekipima. Ikiwa mito haibadiliki, au haiuzwi, zile alama za mwanzo zinahusu kitu ambacho hana tena.

HD 600 mto wake unautoa kwa vidole na kubana mwingine mahali pake. Waya unachomoka kwenye kila sikio peke yake, na waya ndio hufa mapema kuliko kitu chochote. Sponji ya upinde hubanduka. Wavu wa nje hutoka bila bisibisi. Na kwa kuwa umbo halikubadilishwa, mto uleule unaingia HD 580 za miaka ya 1990, HD 600, HD 650 na HD 660 S. Kile kinachoitwa uvivu ndicho kinachofanya vipuri vya hedifoni zilizonunuliwa zamani viendelee kuwa na soko, na chenye soko huendelea kutengenezwa. Kampuni inayobadili umbo kila baada ya miaka miwili haiwezi kukupa hilo hata ikitaka, kwani ghala lake lingehitaji mito ya aina ishirini.

Zangu nimezibadilishia mito mara tatu na waya mara moja. Kila mara ilinichukua dakika chache, na kila mara nilishangaa ni kiasi gani cha sauti nilikuwa nimekipoteza bila kujua. Katika kipindi hichohicho nilikuwa na hedifoni zisizo na waya za kampuni nyingine. Sauti yake ilikuwa nzuri na kelele zilizimwa barabara. Betri iliponyong'onyea, miezi michache baada ya waranti kuisha, jibu la huduma kwa wateja lilikuwa punguzo la kununua mpya. Spika zake zilikuwa nzima, mito ilikuwa nzima.

Sisemi zisizo na waya ni takataka. Sennheiser wenyewe wanazitengeneza, na Momentum 4 za 2022 zinatangazwa kudumu saa 60 kwa chaji moja, muda mrefu unaopunguza idadi ya kuchaji na hivyo kuipunguzia betri uchovu. Anayesafiri kila siku anapata humo kitu ambacho HD 600 hazitampa kamwe. Ila betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa kila mzunguko wa chaji, na hakuna uhandisi wa spika utakaoliondoa hilo. Umoja wa Ulaya umeliona: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji, isipokuwa pale inaporuhusu vinginevyo. Ninayetathmini hedifoni zisizo na waya leo nataka kujua kwanza betri inafikiwa vipi, kabla ya kuuliza besi ikoje.

Inabaki huduma, na hapa hofu ya wakosoaji ina uzito. Biashara ile ya 2021 ililigawa jina. Vifaa vya kitaalamu vilibaki kwa familia, zikiwemo HD 25 za mwaka 1988, zile zinazopendwa na madijei kwa sababu karibu kila kipande chake kinanunuliwa peke yake. HD 600 na Momentum zikaenda upande wa pili. Mwenye HD 25 na HD 600 ana nembo moja kwenye meza yake, na kampuni mbili za kuziandikia zikiharibika. Mnunuzi wa kawaida hajui hilo, na wauzaji hawamwambii. Anaweza kupeleka malalamiko yake upande usiohusika na kuambiwa asubiri bure. Hilo ni kosa la kampuni, na sifa ya HD 600 hailifuti.

Lakini ninapoulizwa kama bado zinafaa bei yake, sianzi na nani anamiliki nembo. Natazama kama mito, waya na sponji ya upinde viko katika orodha ya vipuri, na kama kipuri kinagharimu kiasi ambacho mtu wa kawaida atakubali kulipa badala ya kununua hedifoni nyingine. Kwa HD 600 majibu yamekuwa mazuri kwa zaidi ya miaka 25. Siku mito yake itakapoondolewa katika orodha hiyo, nitaifanya hesabu hii upya kuanzia mwanzo.