Wilson au JKIA: Hesabu ya Saa Kabla Ndege Haijaruka

Mlinzi wa langoni aliitazama simu yangu, akaitazama saa yake, akanitazama mimi. "Bosi, hii ndege yako iko Wilson." Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa. Nimesimama JKIA, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, begi begani, na ndege ya Ukunda, kule Diani pwani, inaondoka saa moja na nusu upande mwingine wa Nairobi. Umbali wenyewe haufiki kilomita 20, lakini anayeijua Barabara ya Mombasa saa hiyo ya asubuhi hana haja ya kusimuliwa yaliyofuata. Kosa lilikuwa langu. Tiketi ilisema wazi: Nairobi, kisha herufi tatu, WIL. Mimi nilisoma "Nairobi" nikaridhika.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Jirani anakwenda Kisumu, binamu anapeleka wageni Maasai Mara, rafiki anataka wikendi moja Diani, wote wanauliza: nitoke Wilson au JKIA? Na karibu wote wanaanzia pasipofaa, yaani kwenye nauli. Nauli ni ya kutazama, sikatai, lakini tofauti ya shilingi elfu mbili au tatu humezwa haraka na teksi, ada ya begi na nusu siku ya kazi iliyopotea. Mimi huanza na saa: ni saa ngapi zitapita tangu ufunge mlango wa nyumba yako hadi ufungue mlango wa unakokwenda?

Kwanza, kwa nini jiji moja lina viwanja viwili? Wilson ndio mkongwe. Jina lake linatokana na Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mdogo, na uwanja wenyewe hapo awali uliitwa tu Nairobi West. Ndege zilipokua, ikabidi patafutwe mahali papana zaidi, na mwaka 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa huko mwaka 1978, na mwaka huohuo, baada ya Mzee Kenyatta kufariki, uwanja ukachukua jina lake. Wilson haukufungwa. Ulibaki palepale Barabara ya Lang'ata, jiji likauzunguka kwa nyumba za Nairobi West, South C na Lang'ata, na upande wa kusini ukapakana na mbuga ya wanyama.

Kinachotenganisha viwanja hivi, kuliko majengo yake, ni urefu wa njia za kurukia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa kuliko ingehitaji Mombasa. Njia ya JKIA ina zaidi ya kilomita nne. Za Wilson ni mbili, kila moja kama kilomita moja na nusu. Ndiyo maana huwezi kukuta Boeing ikishusha abiria Wilson. Utakuta Cessna Caravan za watu kumi na kitu, Dash 8, na helikopta za waheshimiwa wanaowahi mazishi Jumamosi. Mengine yote, kuanzia uzito wa begi lako hadi kitakachotokea ndege ikiharibika, yanatokana na hapo.

Sasa tuhesabu saa. Anayeishi Lang'ata, Karen, Madaraka, Kilimani au Rongai ana bahati na Wilson. Matatu za Rongai na Kiserian zinapita mlangoni kabisa. Nimewahi kushuka kwenye 126, nikavuka barabara na mkoba wangu, na baada ya nusu saa nikawa nimekaa kwenye kiti cha ndege. Kampuni kila moja ina jengo lake dogo. Unapimiwa begi, na kwa ndege ndogo unaweza kuombwa upande mizani wewe mwenyewe mbele ya kadamnasi (wenye aibu na kilo zao wajiandae). Unapata chai, unaitwa, unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi ya ndege.

JKIA ni shughuli. Kwenye lango kuu abiria wote mnashuka garini, dereva anaendelea peke yake na gari likaguliwe, nyinyi mnatembea kupita kwenye mashine, kisha mnamtafuta dereva wenu upande wa pili katikati ya magari meupe yanayofanana yote. Mvua ikinyesha, mnalowa. Mkifika kwenye jengo, mnakaguliwa tena. Hakuna ubaya, uwanja mkubwa wa kimataifa hauna budi kukagua, lakini ukaguzi huo unakula dakika zilezile awe mtu anakwenda London au Kisumu. Kwa safari ya ndani mimi hujipa saa mbili, ilhali Wilson saa moja hunitosha, na pengine inabaki.

Hata hivyo, Expressway imebadilisha hesabu hii kuliko watu wanavyokiri. Tangu ilipofunguliwa mwaka 2022, mtu wa Westlands anayekubali kulipa tozo anaweza kufika karibu na JKIA bila kuonja msongamano wa Barabara ya Mombasa. Mtu huyohuyo akitaka Wilson itabidi apite mjini, au azungukie Mbagathi, na huko hakuna barabara ya kulipia itakayomwokoa. Zamani ningesema Wilson iko karibu na kila mtu. Leo nasema iko karibu na wanaoishi kusini na magharibi. Kwa mtu wa Westlands, Syokimau au Embakasi, uwanja ulio "mbali" ndio unaofikika haraka. Kwa anayetegemea gari la abiria kuna basi la 34 kutoka mjini hadi JKIA, nafuu sana, ila ukilipanda siku ya mwisho wa mwezi usinilaumu.

Baada ya hapo tazama unakokwenda, kwani mara nyingi huko ndiko kunakoamua. Kama ni Mara, mjadala umekwisha: ni Wilson. Ndege za huko hufanya kazi kama matatu. Inatua uwanja mmoja wa changarawe, inashusha wawili, inapakia mmoja, inaruka dakika kumi, inatua tena. Wewe huenda ukawa wa kwanza kushuka au wa nne. Viwanja hivyo havina taa, kwa hiyo kila kitu kinafanyika mchana. Mombasa ni kinyume chake. JKIA ina ndege nyingi kwa siku, kubwa, kuanzia alfajiri hadi usiku, na hapo sioni kwa nini mtu ajisumbue kutafuta kwingine, labda awe anaishi jirani kabisa na Wilson.

Diani ndiyo yenye utata. Unaweza kutua Mombasa kisha ukavuka feri ya Likoni au ukazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, au ukatua Ukunda na ukawa hotelini baada ya dakika chache. Ukunda hufikiwa kutoka viwanja vyote viwili vya Nairobi, na hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Lamu ni hivyohivyo. Unatua Manda, unapanda mashua, na haijalishi sana ulitokea wapi ila kwa jambo moja nitakalolieleza.

Kabla ya hilo, mizigo. Caravan hubeba mabegi ndani ya kisanduku kilichofungwa chini ya tumbo lake. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki likaingia humo. Ndiyo maana tiketi za Mara husema kilo 15 na begi laini, na wanamaanisha. Nimemwona mama mmoja akihamisha nguo kutoka sanduku la plastiki hadi mifuko miwili ya kaki pale kaunta, akicheka kwa hasira. JKIA nako kuna mtego wa namna nyingine: tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida haina begi la kupakia, na begi likilipiwa kaunta siku ya safari, ile bei uliyojisifia inafika pale ilipo ya wenzako.

Yote hayo ni ya siku njema. Je, siku mbaya?

Hapa mizani yangu inaelemea JKIA, ingawa si kwa mbali. Ndege ya asubuhi ikiharibika pale, kuna nyingine ya mchana na ya jioni, yenye viti vingi vya kukugawia. Ndege ya watu 12 ikishindwa kuondoka Wilson, huenda inayofuata imejaa au ni ya kesho. Lakini JKIA ina njia moja tu ya kurukia, pamoja na ukubwa wake wote. Aprili 2023 ndege ya mizigo ilikwama kwenye njia hiyo na uwanja mzima ukasimama. Agosti mwaka huohuo umeme ulikatika nchini na majengo ya abiria yakawa giza. Septemba 11, 2024 wafanyakazi waligoma wakipinga mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, mpango ambao Rais Ruto aliufuta Novemba mwaka huo. Njia ya pili ya kurukia ilikuwa miongoni mwa ahadi za mpango ule. Mpango ulikufa, haja ya njia ya pili haikufa.

Na usalama? Machi 5, 2024 Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana angani na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Ile kubwa ilirudi Wilson na watu wake wote wazima. Baada ya ajali ile niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba hatakanyaga tena Wilson. Naelewa hofu hiyo. Uwanja ule unachanganya wanafunzi wa urubani, ndege za kukodi, madaktari wa AMREF wanaokimbilia wagonjwa, mizigo ya miraa na abiria wa likizo, wote kwenye anga jembamba lenye maghorofa upande mmoja na mbuga upande mwingine. Swali la kuwahamisha wanafunzi waende kujifunzia kwingine ni halali, na ningependa lijibiwe na wenye mamlaka. Lakini kama abiria, sijaacha kupanda Wilson. Ule muda wa ziada barabarani ninaoukwepa nao una hatari zake, na barabara zetu sote tunazijua.

Lile jambo la Lamu sasa. Anayetoka Muscat au Dubai kwenda nyumbani Lamu anatua JKIA. Akiwa na tiketi moja hadi Manda, akitokea JKIA hiyohiyo, begi likichelewa au ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya kampuni kumpanga upya. Akinunua tiketi ya pili peke yake kutoka Wilson, kwa sababu aliiona nafuu au saa zake nzuri, basi tangu anapotua ana foleni ya uhamiaji, ana kungoja mizigo, ana forodha, ana teksi ya kukata jiji, na akichelewa hakuna wa kumlilia. Kwa mtu wa namna hiyo nasema muda wa saa nne katikati ndio mfupi kabisa ninaoukubali, tena mchana. Ikipungua, alale Nairobi. Wenzetu wa Arusha wanalifahamu hili kwa uwanja wao wa Kisongo na KIA, ule wa kimataifa wa Kilimanjaro, kule mbali: kutua hapa na kurukia pale si sawa na kubadilisha basi kituoni.

Mwezi ujao mama anarudi Kisumu. Anakaa kwangu Madaraka, na barabara ikiwa wazi Wilson ni dakika kumi. Nimemkatia JKIA. Miguu yake inataka kiti cha magurudumu, mizigo yake haijawahi kutosha kwenye kilo 15, na ndege ya asubuhi ikikwama nataka pawe na nyingine jioni. Mimi nitamfuata Jumamosi na begi moja laini. Hilo nitatoka nalo Wilson, na tiketi nimeshaisoma mara tatu.