Haibridi ya Milango Miwili Hapa Tanga: Tuache Kusingizia Mafuta

Kila ninayemsikia akiitamani Honda CR-Z hapa Tanga huanza na utetezi uleule: inakula mafuta kidogo, ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme. Sijamsikia hata mmoja akisema ameipenda kwa sababu ni nzuri. Mtu mzima mwenye familia na marejesho ya kikundi anaona haya kukiri kwamba ameshikwa na umbo la gari, basi anajificha nyuma ya lita. Nami ni mmoja wa wanaoitamani. Rafiki yangu wa Raskazone anayo, hunipa funguo mara kwa mara, na kila nikiirudisha nabaki na mawazo ya kununua yangu na kuifanya gari ya kila siku. Nimelipima jambo hili pande zote, na ninachosema ni hiki: kama utainunua, inunue kwa uzuri wake. Hesabu ya mafuta haitakubeba.

Kwa asiyeijua, ni gari ndogo ya spoti ya milango miwili ambayo Honda ilianza kuiuza Japani Februari 2010, na ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 2010–2011. Mbele imeinama, nyuma imekatwa wima, na kioo cha nyuma kimegawanywa na ubao unaopita katikati. Wazee wa magari wataona mara moja damu ya CR-X, gari ndogo ya Honda ya miaka ya 1980. Injini ni ya petroli, cc 1,500, na kati yake na gia kumebanwa mota nyembamba ya umeme ya kilowati 10. Toleo lililoboreshwa la 2012 lilipewa mota ya kilowati 15 na betri ya lithiamu badala ya ile ya nikeli. Ilipofika 2016 Honda wakaacha kuitengeneza.

Hizo kilowati 10 ndizo za kuangaliwa kwanza. Watu wakisikia haibridi wanawaza Aqua au Prius za Toyota, gari inayoweza kuondoka kimyakimya getini kwa umeme mtupu. Hii haifanyi hivyo. Mota yake ni msaidizi: ukikanyaga mafuta inaongeza nguvu, ukiachia au ukishika breki inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukisimama, injini inaweza kujizima hadi utakapoondoka tena. Faida kubwa ya mpango huu iko kwenye miji ya kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Anayetoka Mbagala kwenda Posta asubuhi, kule Dar, angeiona. Sisi huku tunatoka Chumbageni hadi Ngamiani bila kusimama pa maana, labda umpishe mwenye baiskeli na tenga lake la samaki. Foleni ya kuipa haibridi kazi hatuna, na Mungu atunusuru nayo.

Halafu kuna joto. Injini ikijizima kwenye taa, kompresa ya kiyoyozi nayo inasimama, na kwa jua la Tanga la Januari unaanza kutoka jasho kabla taa haijageuka kijani. Rafiki yangu hubonyeza kitufe cha spoti ili injini isizimike, mita inawaka nyekundu, na hapo ule uchumi wa mafuta aliohubiriwa unakwenda zake.

Sasa hesabu. Vipimo rasmi vya Japani vya wakati ule vilitoa kilomita 25 kwa lita kwa gari ya gia otomatiki na 22.5 kwa ya gia ya mkono. Vile ni vipimo vya maabara. Tuseme barabarani unapata 18, na Toyota IST ya jirani inapata 14. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi ataokoa kama lita 16. Lita tukiiwekea Sh 3,000, ni Sh 48,000 kwa mwezi. Si haba, lakini iweke karibu na kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huu, na gari iliyozidi miaka kumi inaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na hata zile za mwisho za 2016 sasa zinaingia kwenye miaka hiyo. VAT ya asilimia 18 inakuja mwisho, juu ya vyote. Ukijumlisha, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari yenyewe hadi inashuka bandarini, na TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani yao kwenye kikokotoo, hawaangalii tu karatasi yako ya manunuzi. Elfu arobaini na nane kwa mwezi itachukua miaka mingi kuliziba shimo hilo.

Kwa hiyo nani ainunue? Anayejua kuendesha, na anayependa kuendesha. Hapa ndipo ninapoitetea.

CR-Z ilikuja na gia sita za mkono, jambo ambalo haibridi nyingine za wakati ule hazikuwa nalo. Mota ya umeme haisubiri injini ipande mizunguko. Nguvu ya kuvuta ya juu kabisa, Nm 174 kwa ya gia ya mkono ya toleo la kwanza, inapatikana kuanzia mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Maana yake utaielewa ukitoka Mombo kupanda Lushoto. Ile barabara nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, kona juu ya kona hadi Soni, inakulazimisha kupunguza mwendo kila baada ya mita chache. Kwenye IST unashusha gia na injini inalia. Kwenye hii unatoka kwenye kona ukiwa gia ya tatu, mota inasukuma, na gari inapanda bila manung'uniko. Ukishuka, mteremko unajaza betri hadi mshale unagota. Sijaona sehemu nyingine katika mkoa wetu ambapo haibridi hii inajieleza vizuri hivyo. Hata Segera kwenda Tanga, lami iliyonyooka ya Hale na Muheza, raha yake ni ya kawaida tu, na kwenye vijiji lazima ushuke hadi 50 maana tochi ya trafiki ya kupima mwendo haibagui gari nzuri na mbaya.

Kuhusu betri, wengi wanaogopa kupita kiasi. Iliyochoka haifi ghafla: kipimo cha chaji kinapanda na kushuka haraka, mlima unakuwa mzito, taa ya IMA, mfumo wa haibridi wa Honda, inawaka. Iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Adui zake ni joto, vumbi kwenye njia ya feni hiyo, na kusimama muda mrefu bila kutumika. Kwa hiyo kuifanya gari ya kila siku kunaisaidia betri kuliko kuifunika turubai na kuitoa Idi hadi Idi. Mwenye gari ya gia otomatiki aangalie zaidi mafuta ya gia. Yanatakiwa yale ya Honda yanayoandikwa kwenye kitabu chake, na fundi akikuambia "haya ya kawaida yanaingia, bosi", chukua funguo zako uondoke.

Mafundi wetu wengi mikono yao imezoea Toyota. Spea za kawaida baadhi zinaingiliana na Fit na Insight za Honda, kwa kuwa ni ndugu wa damu moja, lakini bampa, taa au kioo cha nyuma utaagiza Dar na kusubiri basi lishushe mzigo Kange. Na siku ya kuiuza utajua kwa nini watu wananunua Toyota. Sina la kuongeza hapo.

Ninachokiogopa mimi kwenye barabara za mji ni vitu viwili. Kimoja ni uchini wake. Barabara kuu zetu ni nzuri, mkeka, lakini ukikunja kuingia mitaa ya ndani ya Mabawa au Mikanjuni unakutana na matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe, kila mtu na kipimo chake. Pua ya CR-Z ni ndefu na iko chini. Unajifunza kupanda tuta kwa upande, tairi moja baada ya nyingine, huku bajaji ikikupigia honi nyuma. Masika ikija, maji yakituama barabarani, unarudi nyuma na kutafuta njia nyingine hata kama mwenye Noah amepita mbele yako akicheka.

Kingine ni kuona nyuma. Huu ni mji wa baiskeli. Zinatoka kushoto, kulia, bila taa usiku, zimebeba nazi, zimebeba mtoto mbele na mama nyuma. Nguzo za nyuma za gari hii ni nene, ule ubao wa kioo cha nyuma unakata picha katikati, na ukitaka kuhama upande lazima ugeuze shingo nzima. Saitimira peke yake haitoshi. Ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja tu kwa mbunifu wake, ningeacha sura yote kama ilivyo na kufungua hapo nyuma.

Sasa viti, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoandika kuhusu magari huko nchi za nje. Marekani iliuzwa ikiwa na viti viwili tu. Ya Japani, inayotufikia sisi, ina vinne kwa hesabu ya karatasi. Viwili vya nyuma ni vya watoto wadogo, tena wasiwe na safari ndefu. Kwa mtu wa Tokyo anayeishi peke yake hilo halina uzito. Hapa pwani gari si ya mwenye gari. Ukishaegesha mtaani, wewe ndiye unayegongewa saa nane za usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu apelekwe Bombo. Wewe ndiye unayepita kwa mzee kumchukua Ijumaa, yeye na kanzu yake, na lazima ajikunje magoti yamguse kidevu. Msiba wa Muheza, watu watano wanakusubiri barazani wakijua una gari.

Shangazi yangu alikuja kuiona ile ya rafiki yangu. Akaizunguka, akagonga bati kwa kidole, akachungulia nyuma.

"Baba, mie niingilie wapi humu?"

Nikamwonyesha jinsi kiti cha mbele kinavyosogea.

"Nikishaingia nani atanitoa?" Kisha akanitazama kwa huruma. "Nzuri lakini, mashaallah. Ya kwendea harusini, wewe na bibi harusi wako."

Nimefikiria maneno yake kuliko nilivyofikiria betri. Alichokisema ni kwamba gari yenye milango miwili inawakatalia watu kabla mwenyewe hujafungua mdomo, na kwetu kumkatalia mtu lifti ni jambo linalosemwa miaka. Kuna wanaoweza kuishi nalo. Wapo pia wanaoinunua kwa sababu hiyohiyo, wasiombwe, ingawa hawatakuambia.

Lakini nilipohesabu wiki yangu ilivyo kweli, siyo inavyotarajiwa na ndugu, niliona siku nyingi niko peke yangu garini, au na mke wangu. Viti vya nyuma vikilazwa buti linakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Magunia ya machungwa ya Muheza yanaingia. Misiba na harusi tunakodi Noah au Kosta na kuchangiana, hata wenye IST wanafanya hivyo, kwa sababu IST nayo haibebi ukoo. Na usiku wa kwenda Bombo, kiti cha mbele cha CR-Z kinalala nyuma vizuri; mgonjwa mmoja na mimi tutafika. Anayemsindikiza atakuja na bodaboda.

Wenye pesa ndefu wataniuliza kuhusu Prelude mpya. Honda waliirudisha Japani Septemba 2025, haibridi ya cc 2,000 ambayo mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuendesha magurudumu, kwa bei inayozidi yen milioni 6 kabla haijapanda meli. Ni nzuri. Naitazama kwenye picha.

Yangu itakuwa ya toleo la kuanzia 2012, kwa ajili ya betri ya lithiamu na zile kilowati 5 za ziada, gia ya mkono, iliyotumika nchini kwao kila siku badala ya kuwekwa bandani. Nitaomba picha za chini kabla ya kulipa chochote, maana gari za Hokkaido, kaskazini mwa Japani, zinakula chumvi ya kuyeyushia theluji miaka yote, na nikiileta ukingoni mwa bahari nyingine kutu itakuwa imepata nyumba ya pili. Rangi nataka nyeupe. Nyekundu inapendeza zaidi, nakubali, ila mji wenyewe ni huu, na mke wangu ana marafiki kila barabara ya Ngamiani.