Ramani mbili ubavu kwa ubavu: mzigo kwa msomaji au haki yake?

Wasanifu wengi wa tovuti hushikilia kwamba ramani moja yenye matabaka ya kuwasha na kuzima inatosha, na kwamba kuweka ramani mbili zinazosogea na kukuzwa kwa pamoja ni kumtwisha msomaji mzigo wa bure. Hoja yao ina uzito. Ramani ya mtandaoni huletwa kwa vipande vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, na kila ramani huagiza vipande vyake. Picha za angani hula bando haraka kuliko mchoro wa barabara, na nusu ya kioo cha simu ni finyu mno kusomea majina ya mitaa.

Lakini hoja hiyo huhesabu gharama ya kupakua tu, haihesabu gharama ya kukumbuka. Tuchukue Jangwani, katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, eneo lisiloisha mafuriko. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora nyumba, njia na mifereji ya jiji hili katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Anayetaka kujua kama mfereji uliochorwa unaonekana pia kwenye picha ya angani, akizima tabaka moja na kuwasha jingine, hubaki kulinganisha anachokiona na anachokikumbuka, na penye nyumba zilizobanana kumbukumbu hiyo humpotea upesi. Pazia la kusukuma, yaani mstari unaosogezwa ili kufunua ramani moja juu ya nyingine, nalo halimwokoi, kwa kuwa kila sehemu huonekana kwa sura moja tu kwa wakati mmoja. Ramani mbili zikiunganishwa kwa Leaflet, programu ya kuweka ramani kwenye tovuti, na nyongeza yake ya Leaflet.Sync, unaweza kuweka kielekezi kwenye mfereji upande wa kushoto, na kiduara kikatokea mahali hapohapo upande wa kulia. Msomaji anahukumu kwa macho yake, bila kumtegemea mwandishi amchagulie cha kutazama, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Udhaifu ninaouona kuwa mzito zaidi ni mwingine, nao wapinzani hawautaji sana: kiwango kimoja cha ukuzaji si lazima kiwe kipimo kimoja. Ramani nyingi za mtandaoni hufuata Mercator, njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, ambayo huvuta nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta. Katika kiwango cha 15, pikseli moja Dar es Salaam ni takriban mita 4.7, ilhali London ni karibu mita 3. Ukiziunganisha ramani za miji hiyo kwa kiwango kilekile, London itaonekana ndefu mara 1.6 kuliko inavyostahili, na eneo lake litavimba mara mbili na nusu. Msomaji ataondoka na picha ya uongo, tena akiiamini kwa sababu ramani zilisogea pamoja kwa nidhamu. Dawa yake ipo: London ipunguziwe ukuzaji kwa karibu 0.67, programu iruhusiwe viwango vya desimali, na kila ramani iwe na mstari wake wa kipimo.

Kwa hiyo, kwenye simu ramani zipangwe moja juu ya nyingine, na ya pili ipakuliwe msomaji anapoihitaji. Ila pale ambapo ukurasa unadai kwamba mahali pamebadilika au pamechorwa sawasawa, ramani zote mbili ziwepo tangu mwanzo.