Chungu cha Kisale kilikuwa na sombe

Video mnayotumiana tangu jana, ile ninayopiga kelele na miwani usoni, imekatwa mwanzo. Aliyeikata ni rafiki yangu, na ameukata makusudi, maana ndipo inapoonekana kwamba kiti ni cha kwao.

Tulikuwa wanne barazani kwao, huku Katuba, Lubumbashi, kila mtu na miwani yake, ile inayochora picha za kompyuta juu ya vitu halisi, tumelizunguka kaburi la mfano: mifupa, misalaba midogo ya shaba, vyungu, kama yale yaliyochimbuliwa Sanga kando ya ziwa Kisale kuanzia 1957. Ili wote walione mahali pamoja, kila miwani husoma alama ileile, karatasi ya sentimita 20 kwa 20, na kaburi hujipanga mita moja mbele yake. Alama hubandikwa ukutani. Rangi ya ukuta ilikuwa inabanduka, basi nikaibandika mgongoni mwa kiti cha plastiki. (Ninyi wa kazi hii mmeshaanza kucheka. Ngojeni.) Tena alama ikishasomwa, unatia nanga, yaani picha ikae hapo hapo, na kuzima ufuatiliaji wa alama. Sikuuzima.

Mama mwenye nyumba akahitaji kiti.

Sisi tulichoona ni marehemu kutikisika. Kisha akaanza safari, miguu mbele, polepole, vyungu vyote nyuma yake, anatoka barazani kwenda uani. Nilikuwa nimepiga magoti namweleza papa mmoja mzee, mgeni wetu, na sikutaka aone nimeshindwa. "Hitilafu ndogo, papa, tumfuate." Nikamfuata kwa magoti.

Kaburi likasimama. Chungu cha kichwani kikawa mbele yangu, mdomo wazi, kizuri ajabu. Nikakohoa kama mwalimu: "Tazama, papa, mkono unapita tu, hausikii kitu."

Nikaingiza vidole vyote vitano.

Kwanza nikasikia mvuke. Nikajisemea, kumbe programu imeendelea! Halafu kitu kizito, laini, kikanishika hadi kwenye kifundo. Halafu harufu ya mawese. Harufu ndiyo iliyoniamsha: mama alikiweka kiti karibu na mbabula, jiko la makaa, apate pa kuweka sahani. Na mimi sikuwasha upimaji wa kina, ule unaoifanya miwani ijue kilicho mbele na kilicho nyuma, kwa hiyo picha ilichorwa juu ya kila kitu. Sufuria ya sombe, majani ya muhogo, imetoka motoni sasa hivi, ilikuwa ndani ya chungu cha Kisale.

Kelele mmezisikia. Ndoo ya maji, dawa, na bukari (ugali) tukala na maharagwe. Kingine kilichokatwa, mwishoni, ni sauti ya mama:

"Mwanangu, si ungeomba sahani?"